Sultani na Ndoo ya Mkandaa

Mpigapicha ndiye aliyeanza. Nimeinamia cherehani yangu namalizia shingo ya kanzu ya Sultani wa mchezo wetu wa televisheni, yeye kaja kasimama nyuma yangu, kaguna. "Bi mkubwa, hii nyeupe mno. Itameza uso wa mtu."

Na kweli. Nguo nyeupe pepepe ikipigwa jua la Unguja, kamera hubana macho kama mtu aliyemulikwa tochi. Kanzu unaiona vizuri, lakini mwenye kanzu anabaki kivuli chenye kilemba. Ndiyo maana nguo nyingi uzionazo nyeupe kwenye sinema si nyeupe hata kidogo, zimechovywa. Huko Marekani na Uingereza mafundi wa mavazi huchemsha majani ya chai wakatosa humo mashati na mashuka mpaka ule ukali ufe.

Mimi chai niliikataa. Nikajidai. Nikasema tunaigiza zama za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, sasa kwa nini nisitumie rangi ya kwetu? Ukiloweka magamba ya mkandaa, ule mti wa pwani wa jamii ya mikoko, unapata maji mekundu ya kahawia. Ukiyazimua vizuri, kanzu inatoka na rangi ya pembe. Nikampa mpigapicha darsa zima juu ya magamba. Akanisikiliza kwa adabu, akaenda zake.

Kanzu zenyewe zilikuwa mbili, za melimeli, hazitofautiani hata mshono. Nguo ya mhusika mkubwa haishonwi moja. Akimwagikiwa kahawa saa nne, saa nne na dakika tano awe kavaa ya pili. Joho ndilo lilikuwa moja, tena la kuazima: jeusi, ukingo wa nyuzi za dhahabu, mali ya mzee mmoja wa Mji Mkongwe aliyelirithi kwa babu yake. Alitupa kwa sharti moja: linakokwenda joho naye yupo. Kila siku ya kazi alikuja na kiti chake.

Usiku wa kuamkia baraza la Sultani umeme ukakatika, na mimi nina mafua, pua imebaki pambo la uso tu. Nikamwita mpwa wangu, aliyekuwa akinisaidia kazi.

"Nenda kaniletee mkandaa. Ndoo nzima."

"Ndoo nzima, shangazi?"

"Nzima. Unataka nifanyie kazi kikombe?"

Akasita kidogo, akaenda. Akarudi baada ya saa moja na ndoo imefunikwa sinia, inatoa moshi. Nikafurahi nusura nilie. Kumbe mtoto kauchemsha kabisa! Nilikuwa nikimwambia mama yake kila siku, huyu atafika mbali.

Kwa mwanga wa simu nikachovya. Nahesabu mpaka mia, natoa, nakamua, narudisha. Rangi ikakubali kuliko nilivyoomba. Mikono ilinata, vidole vikawa vinagandana kama nimemenya fenesi. Nikajiambia huu ndio utomvu wenyewe, vitu vya asili vina mambo yake. Sikulamba. Laiti ningalilamba.

Alfajiri nikazianika uani chini ya mwembe. Juani sikutaka, maana nguo ya rangi ikikauka kwa haraka hutoka mabaka. Sasa, mwembe ule una majimoto, wale sisimizi wa mitini. Na majimoto, kama hukuwahi kuwatazama kwa karibu, ni mafundi wa kushona kama mimi: huvuta jani kwa jani, wakaliunga kwa uzi unaotoka kwa watoto wao, mpaka nyumba ikakamilika bila kipimo wala mkasi. Siku zote nikiwaheshimu. Saa mbili nikakusanya kanzu zangu, nikazikunja, nikaondoka. Pasi sikupiga, umeme ulikuwa bado haujarudi.

Sultani wetu ni mtu mzima, mnene, mwenye haya. Nikamvisha kanzu, juu yake joho, nikamfunga mkanda na jambia kiunoni, nikamzungushia kilemba. (Kilemba kile nilikigombania siku tatu. Cha kwanza kilikuwa na mistari myembamba mno, na mistari ya namna hiyo ikiingia kwenye kamera hutetemeka kama maji. Ikabidi kitafutwe cha mistari mipana.) Akakaa kitini, mkono mmoja juu ya jambia. Mzee mwenye joho akatikisa kichwa, karidhika.

"Kimya!" Maalim, mwongozaji wetu, akapiga kofi.

Mgeni wa Kiingereza akaingia, akainama. Sultani alitakiwa amtazame muda mrefu bila kusema neno. Akamtazama. Kisha jicho moja likaanza kucheza. Kisha bega. Maalim akaninong'oneza, "Mashaallah, hasira ile! Inatoka ndani."

Ilikuwa inatoka ndani kweli.

"Karibu katika..." Sultani akaanza, akakata. "Karibu ka... yallah! Mama yangu wee!"

Akaruka. Wallahi sikujua mtu yule ana uwezo wa kuruka. Jambia likagonga kiti, kiti kikaanguka, watumishi wa kasri wakakimbia huku na huku na masinia yao ya kahawa. Anajipiga kifuani, anajipiga mapajani, na joho halivuki kwa sababu mkanda nimeufunga mimi, na fundo langu halifunguki kwa pupa. Yule mzee akainuka kitini, miaka sabini na ushei, akamwandama mbio uani anapiga kelele, "Joho langu! Mvueni joho langu!" Habari ya mtu aliyemo ndani hakuuliza.

Tulipomvua, majimoto walikuwa wamejaa kwenye pindo, wengine wamejipanga kwenye mshono wa kwapa kama vifungo. Nikakimbilia kanzu ya akiba. Nikaifungua. Ndoo ilikuwa moja, na mwembe ulikuwa mmoja.

Katikati ya fujo ile akabisha hodi bwana mmoja wa hoteli ya jirani, kofia mkononi.

"Poleni na msiba," akasema kwa sauti ya chini.

"Msiba gani?"

"Kijana alikuja jana usiku kuchukua mkandaa ndoo nzima. Nikauliza harusi au khitma, akanyamaza. Nikajua ni khitma." Akakohoa kidogo. "Sukari nilizidisha, maana watu walikesha. Na tangawizi sikuihesabu. Deni lenu ni vikombe 80."

Nikageuka kumtafuta mpwa wangu. Alikuwa anatazama dari.

"Shangazi," akasema, "wewe ulisema mkandaa. Hukusema mti."

Kwa mtoto wa mjini mkandaa ni chai isiyo maziwa. Sikuwa na jibu. Chai niliyoikataa kwa darsa zima ndiyo niliyochovyea, na mpigapicha alikuwa amesimama pale pale anasikiliza, ananitazama kwa adabu ile ile.

Kazi ikaendelea vivyo hivyo. Sultani alifungiwa joho mpaka kidevuni, chini yake hana ila fulana na kikoi cha dereva, akapigwa picha kutoka kifuani kwenda juu. Lakini jimoto mmoja alikuwa amemfikia kope la kulia, likavimba kama andazi. Maalim akaamua kila picha ichukuliwe kutoka kushoto, na Sultani asithubutu kugeuza shingo, aje balozi, aje nani.

Mchezo uliporushwa nilikwenda kuutazama kwa jirani. Bibi mmoja aliyekaa mkekani akavuta kanga yake, akanyoosha kidole kwenye televisheni.

"Huyu ndiye mwigizaji," akasema. "Mnaona ufalme ule? Hamgeukii mtu!"