Kuzunguka Pangani Bila Kununua Hata Nyanya

Kutembea bila shughuli ni ugonjwa wa watu wa Dar es Salaam. Hapa Pangani mtu akitoka nyumbani ana anakokwenda: sokoni, msikitini, kivukoni, msibani. Sasa binti wa dada yangu kaja likizo na simu inayohesabu hatua, ananiambia, "Mjomba, tuzunguke mji. Tunaanzia sokoni, tunashuka mtoni, tunarudi sokoni."

Sokoni tunarudi kununua nini?

"Hakuna, mjomba. Kuzunguka tu."

Kuzunguka tu! Huu mto wenyewe umetoka Kilimanjaro na Meru, umepita nchi nzima hiyo, umefika hapa umeingia baharini. Umeuona ukirudi?

Halafu hawa vijana hawajui kwamba mwanaume mwenye familia katika mji mdogo ana njia zake. Kwa muuza mkaa sipiti tangu Ramadhani. Kwa fundi cherehani napita saa ya swala, yeye akiwa msikitini. (Ndiyo, na mimi natakiwa niwe msikitini, hilo ni baina yangu na Mola.) Duka la ule mtaa wa Wahindi napita upande wa pili, simu sikioni, nikisema "Haloo, haloo, nakusikia" hata kama betri ilizima tangu jana. Njia hizi nimezisomea. Sasa mtoto ananiletea mzunguko kamili, maana yake hakuna ninayemkwepa!

Tumefika mtaa wenyewe, maghorofa ya zamani, chokaa imebanduka, roshani zimeegemea upande. Binti akaona mlango wa nakshi akapiga kelele kama kaona ndugu aliyepotea. Picha ya kwanza, ya pili, akachuchumaa apige komeo. Mlango wa pili yake ni wa duka. Nikageukia ukutani nikawa nasoma tangazo la maulidi yaliyokwisha kupita.

"Mzee! Leo umekuja mwenyewe!"

Lile daftari nalijua. Jalada limeloa mafuta ya taa, penseli imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Akalamba kidole, akaanza kufunua. Mtu mzima nitafanyaje mbele ya mpwa wangu? Nikageuka mwongoza watalii papo hapo. Nikasema, "Mwanangu, sogea usikie. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilimleta hapa mtu wao, Emil von Zelewski, apandishe bendera yao. Watu wakakataa! Abushiri bin Salim akaongoza vita pwani nzima ikawaka, mpaka wakamkamata wakamnyonga hapa hapa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Na huyo Zelewski usimwonee huruma, mwaka 1891 alikutana na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo, hakurudi."

Mwenye duka kasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ule mchele kilo tano, nao ni wa enzi za Abushiri?"

Tukashuka mtoni. Kivukoni ndiko kuna maneno, maana tangu waanze kujenga daraja la mita 525 kwenda Bweni, kila mstaafu mjini kageuka mhandisi. Wamekaa kivulini na kahawa, wanabishana habari za nguzo na udongo, na humo humo kati ya wahandisi nani kakaa? Muuza mkaa! Mkaa hauzi, anakunywa kahawa!

Nikaelekeza kidole ng'ambo haraka. "Unaona kule, mwanangu? Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, kaagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu. Sitini na mbili! Ndiyo iliyozaa mashamba yote haya ya Tanga."

"Hata deni lako," akasema muuza mkaa, wala hakuweka kikombe chini, "lilianza na debe moja."

Wahandisi wote wakacheka. Binti naye anacheka, anarekodi.

Kurudi sokoni kanunua halua, kachagua ile nyeusi yenye lozi, imefungwa vizuri, ndipo anakumbuka pesa zake zote ziko kwenye simu na mtandao haupo. "Mjomba, tangulia kulipa." Nikamtazama muuza halua, muuza halua akanitazama. Hata hatukusemezana. Akatoa daftari.

Simu ya binti ikalia kumpongeza kwa hatua alizotembea. Mimi nani kanipongeza?

Kesho anataka tuvuke Bweni, tena si kwa kivuko, kwa mtumbwi, eti picha zinatoka vizuri. Nimekubali bila ubishi, maana Bweni nzima nadaiwa na mtu mmoja tu. Nimekuja kukumbuka usiku nimeshalala: ndiye mwenye mtumbwi.