Kuachilia aliyekukosea: mbona tunamsukuma aliyeumia tu?

Kuna ubishi hauishi kati yetu wakristo kuhusu mtu aliyekukosea. Kundi moja linasema achilia tu, awe kaomba msamaha au hajaomba, maana Marko 11:25 Yesu anasema ukisimama kusali na una neno juu ya mtu, samehe, wala hajaweka sharti kwamba huyo mtu aje kwanza. Kundi la pili wanakujibu na Luka 17:3, ndugu yako akikosa mwonye, akitubu msamehe, kwa hiyo toba ndo inatangulia. Wote wana andiko mkononi, ndo maana hawamalizani.

Mimi hawa wa kwanza nawaelewa sana. Mambo mengi tunayonuniana ni madogo kweli. Umemsalimia mtu mlangoni kanisani kapita kama hajakuona, au umetolewa kwenye ratiba ya kuimba bila kuambiwa, au mtu kasoma meseji yako kanyamaza, na wewe ushaendesha kesi nzima kichwani, mashahidi ushawaita na hukumu ushatoa, wakati mwenzako hata hajui kuna kesi. Kwa haya Mithali 19:11 inatosha kabisa, ni fahari ya mtu kusamehe makosa, unapita, hakuna haja ya kikao.

Shida inaanza pale aliyeumizwa kweli kweli anapopewa dawa hiyo hiyo. Nadhani wengi tumekiona kile kikao, wawili wamekalishwa, mzee wa kanisa anasema haya yaliyopita si ndwele, shikaneni mikono tuombe, basi yule aliyedhulumiwa au kuchafuliwa jina anatoa mkono huku anaangalia chini, na aliyefanya hajatamka hata neno moja la kukiri. Wiki inayofuata huyu aliyeumia akionekana bado mzito anaambiwa ana shina la uchungu, aombewe. Yule mwingine haombewi chochote! Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, tusiipakazie jina la Yesu.

Watu wanaikariri sana sabini mara saba ya Mathayo 18:22, lakini rudi nyuma kidogo sura hiyo hiyo mstari wa 15 mpaka 17, kuna utaratibu kabisa, umwendee mkiwa wawili tu, asiposikia chukua mmoja au wawili, akikataa tena liambie kanisa. Yaani kosa linatajwa, halifichwi. Na ule mfano wa mtumwa unaofuata, yeye alisamehewa talanta elfu kumi halafu akamkaba mwenzake koo kwa dinari mia, huwa tunazichukulia hizo dinari mia kama hela ya mchezo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo mia ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho la mtu. Yesu hakusema deni hilo ni hewa. Ila talanta moja tu ilikuwa karibu dinari 6,000, sasa zidisha mara elfu kumi. Hapo ndo naona nguvu hasa ya kundi la kwanza, naachilia kwa sababu nilichosamehewa ni kikubwa mno, na bado naruhusiwa kusema nilichofanyiwa kiliniuma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kuachilia moyoni hakumsubiri mtu, maana mwingine keshakufa na mwingine hatakiri maisha yake yote, utamngoja mpaka lini. Lakini kurudi kama zamani, kumshikisha tena hela za watu au kumwambia siri zako, hilo linamsubiri yeye abadilike. Angalia Daudi, 1 Samweli 24 alimwacha hai mfalme Sauli, aliyekuwa anamwinda amuue, mle pangoni akakata upindo wa vazi tu, Sauli akalia kwa sauti, akakiri, lakini Daudi hakumfuata nyumbani, alirudi ngomeni. Na alikuwa sahihi, kwa sababu sura ya 26 Sauli yuko tena nyikani na watu 3,000 anamtafuta.

Ila na hili lina upande wake mbaya. Kuna watu "nimesamehe ila simwamini" kwao imekuwa kifungo cha maisha, mwenzake katubu, karudisha alichochukua, miaka imepita na bado anaoneshwa mlango. Paulo na mwenzake wa huduma Barnaba waligombana kwa ajili ya Marko, aliyewahi kuwaacha katikati ya safari, mpaka wakatengana, Matendo 15, Paulo hakumtaka kabisa, lakini 2 Timotheo 4:11 anasema mlete Marko, ananifaa. Sura hiyo hiyo anamwonya Timotheo ajihadhari na Iskanda mfua shaba, aliyemtendea mabaya mengi, na hapo hapo anaomba wale waliomkimbia siku ya kesi wasihesabiwe hatia. Hakuwapima wote kwa kipimo kimoja, na sisi ndo tunapokosea.

Halafu yale ambayo ni jinai, mtoto kaharibiwa, mke anapigwa, yasiletwe kabisa kwenye kikao cha kushikana mikono. Warumi 13:4 mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Mama anaweza kuwa amemwachilia yule mtu mbele za Mungu kwa machozi, na kesho yake asubuhi akaenda polisi kuandikisha maelezo, na mchungaji anatakiwa amsindikize.