Goti la Mama Mkwe na Jua la Turkana

Mara yangu ya kwanza kuona jua likipatwa, nililitazama kupitia goti la mama mkwe.

Usinihukumu kabla hujasikia. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 15 Januari 2010, nami nimeketi ndani ya matatu Jogoo Road, Nairobi, nimepakata bahasha yenye picha ya eksirei. Mama mkwe alikuwa ameteleza kisimani huko kwao, na mimi, mkwe mwema, ndiye niliyetumwa kuipeleka picha kwa daktari mjini. Baada ya saa mbili asubuhi mwanga ukaanza kuwa wa ajabu, kama wa koroboi inayoishiwa mafuta. Foleni ilikuwa imesimama kabisa (hilo tusimsingizie mwezi), basi abiria wakashuka. Makanga akaiona bahasha yangu.

"Mzee, hiyo si eksirei? Lete tuone jua!"

Kabla sijafungua mdomo, goti lilikuwa hewani. Likapita mkono kwa mkono: mama wa mboga, karani mwenye tai, wanafunzi wawili waliochelewa na ambao sasa walikuwa na sababu. Liliponifikia mwenyewe, jua lilikuwa limekuwa pete. Pete nyembamba, nzima, ya dhahabu, imetulia kati ya mifupa miwili, ungedhani goti lenyewe linachumbiwa.

Daktari aliikazia macho ile picha, akauliza doa lile juu ya mfupa ni la tangu lini. Nikamwambia ni parachichi.

Jioni nikafanya kosa. Nilimsimulia Mwalimu.

Mwalimu ni jirani yetu hapa kwenye ploti, Umoja, chumba namba nne. Alifundisha jiografia hadi akastaafu, ila jiografia yenyewe haijastaafu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Dalili mbaya hiyo.

"Kwanza, eksirei haikingi macho. Ungepofuka, goti lako na yote. Pili, kijana, ulichokiona si kupatwa. Jua halikupatwa. Lilipapaswa."

Akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akachukua chapati, akafumba jicho moja na kuielekeza kwenye balbu. Jua, alisema, ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, lakini pia liko mbali kuliko mwezi mara 400 hivi, ndiyo maana machoni petu vinalingana. Tatizo ni kwamba mwezi haukai umbali mmoja. Ukiwa karibu, chapati inaifunika balbu yote. Ukiwa mbali, balbu inachungulia pembeni kote, unapata pete. Alipomaliza kueleza, aliula mwezi. Tangu siku hiyo nimeelezwa jambo hili mara nyingi, na kila maelezo hunigharimu chapati moja.

Halafu likaja la 1973. Nasema likaja, lakini kwa Mwalimu halijawahi kuondoka. Tarehe 30 Juni mwaka huo, akiwa kijana asiye na mke wala deni, alidandia lori hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, wakati ziwa lile bado likiitwa Rudolf. Hapo jua likapatwa kikwelikweli, zaidi ya dakika nne nzima. Nyota zikatoka alasiri. Ndege wakarudi kulala. Mbuzi wakalala. Na pale jua lilipokuwa, pakabaki tundu jeusi lenye taji jeupe kuzunguka. Kule Sahara, anaongeza, lilidumu dakika saba na ushei, na Wafaransa wakarusha ndege ya Concorde ikikimbizana na kivuli cha mwezi kwa dakika 74. Hapo hunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeikosa hiyo ndege.

Jaribu wewe kuishi na mtu wa namna hiyo. Stima zikipotea, unamsikia kupitia ukutani: "Hili si giza!" Ukipiga picha nzuri ya machweo, anauliza kama uliona taji. Mtoto wangu Kevo alipopata 99 kwenye hesabu, mzee akamwambia kwamba jua likifunikwa asilimia 99 bado ni mchana, asilimia moja ile ndiyo kila kitu. Mtoto akalia.

Kwa hiyo mwaka 2013, magazeti yalipotangaza kwamba Jumapili ya tarehe 3 Novemba jua litapatwa lote kule Turkana, niliapa. Nitaenda. Nitaona. Nitarudi nimnyamazishe.

Mama Kevo anauza mitumba, kwa hiyo hakupiga kelele. Aliuliza tu mambo mawili: safari ni pesa ngapi, na hilo giza ni la muda gani. Nikamwambia ni kama elfu saba kwenda na kurudi, na giza, kwa mahali nilipochagua, ni kama sekunde 14. Safari hiyo mwezi ulikuwa unalitosha jua kwa shida, mithili ya suruali ya mwaka jana; huko Atlantiki mambo yangeanza na pete, yakawa giza kamili baadaye.

Akafumba macho sekunde mbili.

"Shilingi mia tano kwa sekunde," akasema. "Baba Kevo, sekunde moja ni kilo ya nyama na chenji."

"Hili ni jambo la elimu."

"Basi soma sekunde tatu urudi."

Mwalimu mwenyewe nilimwomba twende, akakataa. "Sekunde kumi na nne? Mimi huvaa soksi kwa muda mrefu zaidi."

Miwani maalumu sikuipata, nikaenda kwa jamaa wa kuchomelea mageti, akaniuzia kioo kizito cha barakoa yake, namba 14, kile cheusi kabisa. Nikamlipa, nikiwa nimeshafika barabarani ndipo nikagundua kwamba nimenunua kinga ya jua kutoka kwa fundi wa jua kali.

Safari sitaki kuikumbuka. Kutoka Nairobi hadi Lodwar ni kama kilomita 700. Hadi Kitale ni barabara. Baada ya Kitale, miaka ile, kuna sehemu lami ilibaki vipande vipande kama visiwa, na dereva alikuwa mtu wa busara, akaamua kuendesha pembeni ya barabara ili asiiharibu zaidi. Niliteremka Lodwar meno yakiwa hayajui ni ya nani.

Pale kituoni mzee mmoja Mturkana, ameketi juu ya kile kigoda chao kidogo wanachokiita ekicholong, akaniuliza kama nimekuja kununua mbuzi.

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kutazama jua."

Akainua uso. Jua la Lodwar lilikuwa juu yetu sote, linachoma hadi kivuli kinatafuta kivuli. Akanirudia mimi, kwa huruma ya kweli.

"Kwani huko Nairobi limekwisha?"

Jumapili tukapanda pikapu kuelekea ziwani, kupita Kalokol. Tulikuwa kama ishirini hivi, na watoto wa pale wakaja kututazama, maana kwao kioja kilikuwa sisi. Baada ya saa kumi alasiri mwezi ukaanza kuuma. Nikaweka kioo: jua la kijani, limemegwa pembeni kama andazi. Nikawapa watoto nao wakatazama. Saa kumi na moja ikafika. Mwanga ukawa kama wa ndotoni, vivuli vikawa vikali, jua likawa ukucha. Giza lilitarajiwa mnamo saa kumi na moja na dakika 25. Nikatazama saa yangu: bado dakika kumi. Nikajisemea moyoni, Mwalimu, leo umekwisha.

Ndipo upepo ukaja.

Sijui niuelezeje. Nimeishi Nairobi, nimemezwa na vumbi la kila barabara inayojengwa, nilidhani mimi na vumbi tunafahamiana. Hapana. Huu ulikuwa ukuta. Ulitoka upande wa ziwa, wa rangi ya kahawia, ukatupiga kofi mmoja mmoja. Mchanga ukaingia masikioni, ukaingia kwenye chai, ukaingia kwenye soksi nikiwa nimevaa viatu. Nikafunua jicho moja: hakuna jua, hakuna anga, hakuna ziwa. Nikaweka kioo cha kuchomelea, nikaona weusi. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka kwamba kile kioo huonyesha weusi hata ukikielekeza kwenye ng'ombe.

Halafu likafika. Nakiri, lilifika. Ukahawia wote ule ukawa mweusi kwa mara moja, kama mtu amefunika sufuria tukiwa ndani. Ubaridi ukapita mgongoni. Watoto waliokuwa wakicheka wakanyamaza, na mwanamke mmoja karibu nami akanishika mkono, hanijui, simjui. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Kutoka nne hadi kumi nilikuwa natoa mchanga jichoni. Kumi na moja. Kumi na mbili. Yule mwanamke akauachilia mkono wangu, akaomba radhi, mwanga ukarudi upande mmoja wa vumbi kama vile mtu kafungua mlango wa jikoni.

Elfu saba hizo.

Baadaye tukasikia kwamba ng'ambo ya ziwa, Sibiloi, walikokwenda wageni na kamera zao za miguu mitatu, dhoruba ya mchanga iliwapiga vilevile dakika za mwisho. Watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Si vizuri kufurahia msiba wa mwenzio, lakini nililala vizuri usiku huo.

Nikarudi nyumbani Jumanne, nywele zikimwaga mchanga kama sukari guru. Mama Kevo hakuniuliza chochote. Alinipa maji ya kuoga, akanipa chakula, ndipo akaniletea simu yake. Nairobi jua lilikuwa limepatwa kiasi, na mawingu yakaachia kidogo jioni ile. Yeye alisimama uani, akalipa mgongo jua, akanyanyua chungio la jikoni. Kila tundu likatupa jua lake ukutani. Kwenye picha, ukuta mzima wa landilodi umejaa vijua, mamia, vyote vimemegwa, vyote vimeinama upande mmoja kama samaki wa omena. Kevo alikuwa amevihesabu hadi mia mbili na kitu akachoka. Ploti nzima iliona. Hata mlinzi.

"Chungio hilo nilinunua shilingi sabini," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Nikamkuta Mwalimu mlangoni kwake.

"Uliona?"

"Mwalimu, nilikuwa ndani yake."

"Sikuuliza ulikuwa wapi."

Miaka imepita. Nilidhani tumemalizana. Lakini juzi mzee kaja kwangu usiku, na mkongojo wake, na ramani, uso kama wa mtu aliyepokea barua ya mahakama. Kumbe tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena lote, kuanzia baharini Atlantiki, kupita kusini mwa Uhispania na kaskazini mwa Afrika, hadi Misri na Saudia na Yemen na ncha ya Somalia. Na pale Luxor litakaa gizani dakika sita na sekunde kama 20.

"Sita," akasema Mwalimu, taratibu. "Sita na ushei."

Hapo nikamwelewa. Miaka zaidi ya hamsini ametutawala kwa dakika zake nne. Sasa mtu yeyote mwenye nauli, kijana tu wa kuuza simu, anaweza kwenda Luxor na kurudi na sita. Mzee amejiona anavuliwa cheo. Kwa hiyo ataenda mwenyewe kuzichukua, na anahitaji mtu wa kumbebea kiti.

Nikamgeukia Mama Kevo anisaidie kukataa. Alikuwa amefumba macho.

"Sekunde mia tatu na themanini," akasema. "Kwa bei ya Turkana, ni laki moja na elfu tisini. Tukienda kwa pungufu ya hapo tumepata ofa." Akafumbua macho. "Mimi nakuja. Na chungio langu."

Basi nimezungukwa. Chama kimeshaanza, Mwalimu mwekahazina. Anasema mwezi wa Agosti Luxor hakuna hata wingu la dawa, mvua huko ni hadithi ya mababu, anga imefuliwa na kuanikwa.

"Na mchanga?" nikauliza.

Mwalimu akakohoa, akauliza kama kuna chapati iliyobaki.