Nyaya mbili katika dimbwi moja: zitaifaa Kigoma?

Kila ukitajwa ujenzi wa meli za chuma hapa Kigoma, hakosekani anayedai tununue mitambo ya kuchomelea kwa nyaya mbili. Hoja yake ina uzito, ila nusu tu.

Mtambo huo una tochi moja yenye midomo miwili ya shaba iliyotenganishwa kiumeme. Kila mdomo una waya wake na mashine yake ya umeme. Nyaya hufuatana kwa karibu, sentimita moja au mbili hivi, na zote huyeyukia dimbwi moja la chuma kilichoyeyuka. Wa mbele huzamisha moto ndani ya bamba. Wa nyuma hujaza na kusawazisha mshono. Tabu ni kwamba mikondo miwili inayokwenda upande mmoja huvutana kisumaku, basi arki, yaani mwako wa umeme unaoyeyusha chuma, huyumba na kurusha matone. Ndiyo maana umeme hutumwa kwa mapigo ya kupokezana: huu ukipanda, ule hushuka hadi kiasi cha kutozimika tu.

Kwenye mshono mrefu ulionyooka, faida si ya kubeza. Kazi hukimbia, na kwa kuwa tochi haikawii mahali pamoja, bamba halipindi sana.

Lakini tochi yenyewe ni nzito, hupozwa kwa maji, na hutaka roboti au kigari. Pengo ambalo fundi wa mtaani Mwanga, hapa mjini, hulijaza kwa kuchezesha mkono na fimbo yake ya kuchomelea, kwa kasi ile huwa tundu. Tena kazi zetu nyingi ni za ukarabati. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa upya hapahapa, ni ya ribiti, yaani mabamba yake yameshikizwa kwa pini za chuma, si kuchomelewa; kwenye viraka na kona zake nyaya mbili hazina la kufanya. Na gesi ya kuukinga mshono na hewa? Ikitoka Dar es Salaam ni kilometa 1,250 hivi kwa reli, kisha upepo wa ziwa uipeperushe.

Ipo namna nyingine, ya kuchomea chini ya fluksi, unga unaoufunika mshono badala ya gesi. Hiyo haiogopi upepo. Mara nyingi waya wa mbele hupewa mkondo mnyoofu (DC), wa nyuma mkondo geu (AC), kupunguza ule mvutano. Sharti bamba lilale, maana unga haukai ukutani.

Yadi yenye oda ya meli kadhaa ningeishauri ianzie hapo, kwa waya mmoja juu ya kigari. Mafundi wakishazoea kukata na kupanga mabamba bila mapengo, waya wa pili uongezwe. Karakana ya mageti na boti inunue kwanza mashine nzuri ya kukatia.