Punda Hakuniangusha

Kwanza niseme hili: punda hakuniangusha. Shoga yangu mmoja (anajijua, na kesho atakuja kuniomba sukari) ameandika kwenye stetasi ya WhatsApp kwamba nimeanguka na punda kichochoroni Langoni, hapa kwetu Lamu, gauni likapasuka, watu wakaona wasivyofaa kuona. Uongo. Gauni halikupasuka. Lingepasuka ningeshukuru. Na kwa kuwa simu zote zilikusanywa mlangoni pa harusi na picha hakuna, kila mtu anajitungia yake. Basi nami nawapa yangu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo ya kweli.

Mnajua nilikwenda Mombasa miezi mitatu kusomea ubunifu wa mavazi. Mnajua kwa sababu cheti nimekitundika mahali ambapo hata ukija kunipa mkono wa rambirambi utakiona. Tangu nirudi sishoni tena, nabuni. Ukiniletea kitambaa nakueleza kwanza kwamba mstari wa wima hurefusha mtu na wa mlalo humpanua, kisha nakuuliza umbo lako lataka mizani ya aina gani. Mwisho unachukua kitambaa chako unakwenda kwa yule fundi mzee wa mtaa wa pili, ambaye hauliziulizi.

Basi ikaja kupamba ya binti wa jirani, ile shughuli ya harusi ya wanawake peke yao. Wenzangu wote walikuwa na magauni ya kumetameta yaliyoletwa kutoka Dubai. Mimi nikasema hapana, leo watajua mie nimesoma. Nikatoa doti yangu ya leso mpya: nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi zile zile za kisutu, leso ya bi harusi, rangi tatu tu lakini zinaitana kutoka mbali. Jina lake mnalijua nyote: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.

Mwalimu wetu alikuwa na neno lake kuhusu mkazo. "Jicho ni mgeni," alikuwa akisema. "Lionyeshe pa kukaa, la sivyo litazurura." Sasa tazama leso. Jina hukaa chini ya mji, yaani ile sehemu ya katikati, juu kidogo ya pindo. Ukijifunga, linaishia huko kwenye miundi, na anayetaka kulisoma shurti ainame. Nikaona hasara gani hii! Maneno mazuri, herufi kubwa nyeusi juu ya nyeupe, yanasomwa na kuku. Nikaamua kuyapandisha.

Hadi wapi? Hapo ndipo elimu iliponiponza. Tulifundishwa gauni lisikatwe nusu kwa nusu, macho yanachoka. Likatwe tatu kwa tano. Nikapima. Begani hadi chini, sentimita 136. Gawa kwa nane, zidisha kwa tatu, unapata 51. Nikatia chaki kwenye 51, nikashona mkanda wa jina kuanzia hapo kwenda chini, kwa nyuma, maana mbele nilishauweka mji na sikutaka vigombane. Hesabu safi. Chukueni utepe mjipime wenyewe, sentimita 51 kutoka begani kwenda chini, kwa nyuma, mwone mkono unafika wapi.

Likabaki neno moja. Jina lilikuwa refu, na mwisho wake ni Mungu, na Jina la Mungu haliketiwi. Nikakata DEREVA NI MUNGU kwa adabu kabisa, nikakikunja kile kipande, nikakiweka juu ya kabati. Nikajiona mcha Mungu na mbunifu kwa pamoja.

Mnaniuliza hukusoma kilichobaki? Nilisoma! Lakini sanamu langu la kushonea lina nyonga za msichana wa darasa la nane. Juu yake mkanda ule ulilegea, ukajikunja, herufi zikaonekana kama maua. Na leso sikuifua, niliiacha na dondo lake ili kitambaa kisimame vizuri. Kioo changu kinaonyesha mbele tu. Mbele nilikuwa malkia.

Nikavaa buibui juu, nikatembea hadi kwenye shughuli bila tatizo. Tulipoingia ndani wanawake peke yetu, nikavua buibui pale mlangoni. Polepole. Kama mtu anayefunua sinia.

Kupita katikati ya mikeka hadi kwa mama wa bi harusi ni hatua kama ishirini. Hatua ya tatu, nikasikia minong'ono nyuma. Nikajisemea, wameona. Hatua ya sita, mtu akacheka puani. Wivu huo. Hatua ya kumi, kila nilipopita walionitazama usoni walitabasamu kwa heshima, na walio nyuma yangu walikuwa wakishikana mabega. Mbele kimya, nyuma kicheko. Nilikuwa kama mashua, natembea na mkondo wangu.

Na hapa, wapenzi, ndipo ninapojilaani. Mtu mwenye akili angeketi. Mimi nikageuka. Nikazunguka duara kamili, mkono kiunoni, kama tulivyofundishwa siku ya maonyesho, kisha nikasimama mgongo kwa ukumbi ili jicho lipate pa kukaa.

Likakaa.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akavaa miwani. Namheshimu sana bibi yule, ndiye aliyenifundisha juzuu. Akasema, "Mwanangu, ima papo hapo nisome." Nikaima. Akaanza, kidole hewani, silabi moja moja, kwa sauti ile ile ya chuoni: "Si-si... so-te..." Ukumbi mzima umenyamaza. Hata watoto. "A-bi... a-bi-ri..." Mie bado natabasamu ukutani. "A."

Pumzi moja. Kisha nyumba ikaanguka.

"Mbona lishajaa!" mmoja akasema. Mwingine, "Lang'oa saa ngapi Mokowe?" Sisi ambao mjini kwetu gari hazipiti, tunapanda punda na mashua, basi la abiria twalikuta ng'ambo bara, Mokowe! "Na makanga ni nani?" "Dereva je, hana jina?" Nikajibu, Mungu anisamehe, nikajibu kwa sauti: "Dereva yuko juu ya kabati!" Hapo ndipo walipolala chini. Nafasi, jamani, tulifundishwa nafasi siku nzima, ile sehemu tupu inayoachwa ili vazi lipumue. Mama wa bi harusi mwenyewe, machozi yanamtoka na wanja umemwagika, akaniuliza, "Nyuma kuna nafasi?"

(Zamani majina ya leso yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nimefikiria kama ningepona. Nisingepona. Bibi yule angelisoma kwa tajwidi.)

Yaliyobaki ni mafupi. Nikavaa buibui, nikala biriani nimevaa buibui kwa joto lile, wakagonga pembe za vugo na kunitungia wimbo hapo hapo, kiitikio mnakijua. Nilipotoka, punda aliyebeba mawe alikuwa amejaa kichochoro, nikabanana ukutani kumpisha, na waliotoka nyuma yangu wakaanza kupiga kelele "abiria mmoja! abiria mmoja!" Ndiye punda wa kwenye stetasi. Alinipita, akaenda zake. Kiumbe pekee usiku ule aliyenistahi.

Asubuhi bibi wa miwani akamtuma mjukuu na doti ya leso na ujumbe. Anataka gauni kama lile lile, nisibadilishe kitu ila kimoja: jina niliweke mbele, kwani yeye nyuma hana nafasi ya kutosha zaidi ya SISI.