Mifupa ya Köln, majivu ya Namugongo

Kila mgeni kutoka nyumbani Tanzania akifika huku Köln, Ujerumani, namtembeza Kanisa Kuu, na tukishasimama nyuma ya altare, mbele ya lile sanduku la dhahabu, swali huwa lilelile: hivi kweli ni wao? Wao ni Mamajusi, wale waliofuata nyota hadi Bethlehemu. Sanduku lenyewe lina urefu wa zaidi ya mita mbili, limeundwa mfano wa basilika, manabii na mitume wamekaa ubavuni. Kazi ya fundi Nicholas wa Verdun na wenzake, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 12. Ikikaribia tarehe 6 Januari kibao cha mbele huondolewa. Ukikaza macho kupitia wavu unayaona mafuvu matatu, kila moja na taji lake.

Swali hilo ni la haki kabisa. Kinachonisumbua ni kwamba sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki, tunaokwenda hija kwa maelfu kila mwaka, hatuliulizi tukiwa kwetu.

Wageni wangu nawajibu hivi. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald wa Dassel aliichukua mifupa hiyo Milano, mji uliokuwa umetekwa na Kaisari Frederick Barbarossa, akaileta hapa. Yaani ni mateka ya vita. Mahujaji wakamiminika, na mwaka 1248 ukaanza ujenzi wa kanisa hili kubwa ambalo halikukamilika hadi 1880. Sanduku lilipofunguliwa mwaka 1864 ilikutwa mifupa ya watu watatu, na vitambaa vilivyokuwa nayo vilipokuja kuchunguzwa vilionekana ni vya kale mno, vya pande za Syria. Kwa hiyo humo ndani kuna wafu wa zamani waliozikwa kwa heshima. Lakini ni akina nani? Mathayo hakutaja majina yao, wala hakusema kwamba walikuwa watatu. Kutoka Bethlehemu hadi Milano zimepita karne nyingi bila mtu wa kutuambia nani alimzika nani, nani akamfukua.

Ukitoka hapo kwa miguu hufiki mbali, unalikuta kanisa la Mtakatifu Ursula. Humo mna chumba kinachoitwa Chumba cha Dhahabu. Kuta zake kwa juu zimepambwa kwa mifupa ya binadamu, mapaja na mbavu, imepangwa kwa nakshi na hata kuandika sala kwa Kilatini. Mwaka 1106, walipokuwa wakipanua ngome ya mji, waliangukia makaburi mengi. Wakasema ndio wale mabikira 11,000 ambao hekaya ya kale husema waliuawa pamoja na Ursula. Makaburi yale yalikuwa ya mji wa Kirumi wa zamani, ndiyo maana kulipatikana mifupa ya wanaume na ya watoto wachanga pia. Mifupa hiyo ikagawiwa Ulaya nzima. Nikisimama mle ndani nawahurumia wale wafu, maana ni watu waliozikwa na ndugu zao, wakafukuliwa, wakapewa majina yasiyo yao.

Kanisa lenyewe halikulifumbia macho jambo hili. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ulikataza kuuza masalia, yaani mabaki ya miili ya watakatifu na vitu vyao, na kuyaheshimu mapya bila idhini ya Papa. Kanuni ya 1190 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kuyauza, na mwaka 2017 Vatikani ilitoa maelekezo mapya kwamba masalia yasiwekwe mbele ya waamini bila hati ya mamlaka ya Kanisa. Hata mifupa ya Mtakatifu Yakobo kule Santiago de Compostela, ambako njia ya mahujaji wanaopita hapa Köln inaishia, ilifichwa mwaka 1589 kwa kuwahofia Waingereza, ikapotea, ikapatikana tena 1879, na Papa Leo XIII hakuithibitisha hadi 1884, baada ya uchunguzi.

Sasa tugeuke nyumbani. Namugongo, kule Uganda, hakuna dhahabu ya namna ile. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa pale kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na moto haukuacha mengi. Lakini Denis Kamyuka, kijana wa ikulu, alikuwa miongoni mwa waliofungwa tayari kuchomwa, akasamehewa dakika za mwisho. Aliwaona wenzake wakiviringishwa kwenye matete, akawasikia wakisali. Akaishi mpaka akatoa ushahidi katika mchakato uliowafikisha kutangazwa wenyeheri mwaka 1920. Utakatifu ukafuata 1964. Jina la aliyeona lipo, na mahali panajulikana. Kwangu mimi hicho ndicho kinachofanya masalia yawe ya kweli: mkono uliookota, mkono uliopokea, na mtu aliyeandika. Kwa kipimo hicho Namugongo inaishinda Köln, na nalisema hili nikiwa Köln, katika kanisa ninalolipenda na ninalosali.

Kwetu Iringa tunaijua thamani ya jambo hili kwa uchungu. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 asitiwe mikononi mwa Wajerumani, wakamkata kichwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles kikaiagiza Ujerumani irudishe fuvu lake. Halikuja mpaka 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwenda makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu chungu nzima, likachaguliwa moja kwa sababu vipimo vyake vililingana na vya ukoo na lilikuwa na tundu la risasi. Akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Wapo wanahistoria wanaotia shaka mpaka leo. Na wazee wa Kilimanjaro bado wanakitafuta kichwa cha Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani 1900. Mwaka 2023 watu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vinasaba vimewakutanisha wafu kadhaa na ndugu zao walio hai Tanzania, mmoja wao akiwa Akida, mshauri wa Meli. Nchi iliyowavika taji la dhahabu wafu watatu isiyowajua, hiyohiyo iliwaweka babu zetu kwenye rafu, wengi bila hata jina. Mimi siwezi kupita mbele ya lile sanduku nisilikumbuke hilo.

Ndiyo maana naumia nikiona tunavyoufanyia mzaha urithi wetu. Nikiwa likizo nyumbani nimeona watu wakiuziwa vichupa vya mafuta na pakiti za udongo barabarani, wakiambiwa vimetoka kwenye kaburi la mtakatifu, na hakuna anayeuliza kaburi gani. Maji ya Namugongo watu huyachota wenyewe kwa imani, bure, na sina neno na hilo. Ninachokipinga ni biashara, na ukimya wetu sisi waamini. Masalia yakiletwa parokiani, muumini ana haki ya kumwomba paroko aoneshe hati, kwa adabu tu, na paroko mwema atafurahi kuulizwa.

Tena tuna kazi isiyosubiri. Mwalimu Nyerere ni Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya kuelekea utakatifu, mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma, na kila tarehe 1 Juni Watanzania hukusanyika Namugongo kumwombea atangazwe mwenyeheri. Alifariki 1999. Waliokuwa wakisali naye Misa za asubuhi wapo, lakini wanazeeka. Waliofua kanzu zake, waliomtumikia Butiama, waliopewa naye rozari au kitabu cha sala, kila mmoja ana kipande cha habari ambacho miaka 50 ijayo hakitapatikana popote. Kama wewe msomaji una mzazi au jirani wa aina hiyo, mpeleke kwa katekista au jimboni mwaka huuhuu, aeleze kwa mdomo wake, aandikiwe, atie saini. Na kama ana kitu mkononi, iandikwe kilitoka kwa nani, lini, na nani alikuwepo akikabidhiwa.