Mwaka Kwanza, Namba Baadaye

Juzi usiku nilikuwa napitia historia ya ukurasa wa nchi moja kwenye Wikipedia. Ni ukurasa wa kawaida tu, wenye ramani, bendera na kile kisanduku cha pembeni chenye idadi ya watu na Pato la Taifa. Nilitaka kujua namba ya pato ilitoka wapi, nikaanza kulinganisha toleo na toleo. Nikafika kwenye hariri moja ya Januari yenye muhtasari usemao "nimehuisha takwimu". Nikaifungua. Kilichobadilika ni tarakimu moja: 2018 ilikuwa imefanywa 2019. Pato lenyewe lilibaki lilelile, mpaka desimali yake. Mwaka uliofuata akaja mtu mwingine, akaandika 2020.

Sidhani kama hao wawili walikuwa na nia mbaya. Waliona mwaka umepita, wakaona vibaya ukurasa uonekane mzee, wakaupaka rangi. Lakini walichofanya kimeniuma kuliko kurasa ambazo hazijaguswa miaka kumi. Namba ya 2018 iliyoandikwa 2018 itabaki na maana hata mjukuu wangu akiisoma. Ikishavishwa mwaka 2020 inakuwa uongo, na uongo mkubwa, maana kwa mujibu wa ukurasa ule, mwaka ambao korona ilirudisha nyuma uchumi wa nchi nyingi duniani ulipita bila hata mkwaruzo.

Sisi tunaohariri kamusi elezo huru tunapenda sana neno "kuhuisha". Tunahesabu kurasa zilizopitwa na wakati, tunahimizana kuzifufua. Mimi nasema tumeweka mbele kisichostahili kuwa mbele. Takwimu ya uchumi ikikaa na mwaka wake na chanzo chake, hata ikichelewa, inamfaa msomaji. Ikikosa hivyo viwili, upya wake haumsaidii kitu, kwa sababu hana njia ya kujua kama ni mpya.

Hebu tuangalie ukubwa wa kazi yenyewe. Umoja wa Mataifa una nchi wanachama 193. Kila nchi ukiipa takwimu tano tu (pato, pato kwa kila mtu, ukuaji, mfumuko wa bei na deni la serikali) una takwimu 965 za kufuatilia kila mwaka, katika kila lugha. Wikipedia za lugha ndogo hazina watu wa kuifanya kazi hiyo. Kinachotokea ni hiki: anakuja mhariri mwenye ari, anabadilisha pato la nchi moja, anachoka, anaondoka. Idadi ya watu inabaki ya sensa ya zamani, na pato kwa kila mtu linabaki la mwaka ambao haujulikani. Tuseme nchi ina pato la dola bilioni 60 na watu milioni 30. Wastani ni dola 2,000. Ukigawanya pato hilohilo kwa watu milioni 24 wa sensa iliyopita, unapata dola 2,500. Umewatajirisha watu kwa robo nzima, na kila namba uliyoitumia ina chanzo chake halali. Ndiyo maana nashauri takwimu zinazotegemeana zibadilishwe pamoja, kutoka chanzo kimoja, au zisiguswe kabisa.

Halafu kuna mtego wa mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na muundo wa uchumi wake hutumika kama kipimo cha kuhesabia pato la miaka mingine. Naona wahariri wengi hawaujui. Aprili 2014 Nigeria ilitangaza hesabu mpya za Pato la Taifa, baada ya kuhamisha mwaka wa kizio kutoka 1990 hadi 2010. Katika uchumi wa 1990 biashara ya simu za mkononi haikuwepo, na Nollywood, tasnia ya filamu ya Nigeria, ilikuwa bado haijawa biashara kubwa. Shughuli za namna hiyo zilipohesabiwa kwa uzito wake, pato la 2013 lilipanda kwa karibu asilimia 89, likafika kama dola bilioni 510, na Nigeria ikaipita Afrika Kusini na kuwa uchumi mkubwa kuliko wote barani. Hakuna aliyejenga kiwanda usiku ule. Ghana nayo ilikuwa imepitia hayo Novemba 2010, pato lake likapanda kwa asilimia kama 60. Sasa mhariri anayechukua namba ya 2012 kutoka hesabu za zamani na ya 2013 kutoka hesabu mpya, akaziweka safu moja kwenye jedwali, amemwambia msomaji kwamba nchi ilitajirika karibu maradufu ndani ya miezi kumi na miwili.

Nigeria hiyohiyo, Juni 2023, iliiachia naira itafute bei yake sokoni, na thamani yake kwa dola ikashuka sana. Kwa naira, hata baada ya kuondoa mfumuko wa bei, uchumi uliendelea kukua kidogo mwaka ule. Kwa dola ulisinyaa vibaya. Anayesoma namba ya dola peke yake ataandika kwamba uzalishaji umeporomoka. Maisha yalikuwa magumu kweli, lakini ugumu ule unaonekana kwenye mfumuko wa bei, na hiyo ni takwimu nyingine inayohitaji mstari wake. Na kuna Ireland, ambayo Julai 2016 ilitangaza kwamba uchumi wake ulikua kwa asilimia 26 mwaka 2015, sehemu kubwa kwa sababu makampuni ya kimataifa yalihamishia huko mali zao. Namba ilikuwa mpya, ilifuata kanuni, ilitoka ofisi ya takwimu yenyewe. Bila sentensi moja ya maelezo, ilimpoteza kila aliyeisoma.

Nafasi ya nchi duniani, ile ya "uchumi wa 74 kwa ukubwa", mimi ningeiondoa kabisa. Inabadilika hata nchi yenyewe ikiwa haijafanya lolote.

Makisio nayo yanahitaji uangalifu. Shirika la Fedha la Kimataifa hutoa ripoti yake ya uchumi wa dunia kila Aprili na Oktoba, na majedwali yake huenda hadi miaka ya mbele. Nimekuta kurasa zilizobeba namba ya mwaka ambao haujaisha, imeandikwa kama jambo lililokwisha kutokea. Neno "makisio" lina herufi saba. Liandikwe.

Kuna wanaosema Wikidata, hifadhi ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote, imemaliza tatizo. Ilianzishwa Oktoba 2012 ili namba ihifadhiwe mahali pamoja na lugha zote zichote hapo, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, maana kule kila namba inaweza kubeba mwaka na chanzo chake. Ila vigezo vingine, yaani vile violezo vinavyojaza visanduku vya pembeni, huchota namba na kuuacha mwaka nyuma. Tena hakuna hifadhi ya data itakayoturekebishia maandishi ya ndani ya makala: "kwa sasa", "hivi karibuni", "mwaka jana". Nimewahi kukuta "kwa sasa uchumi unakua kwa kasi" katika aya ambayo historia yake inaonyesha iliandikwa 2009. "Kufikia 2009" ingetosha, na aya ingekuwa sahihi mpaka leo.

Ule ukurasa wa juzi niliurudisha 2018. Nilitafuta namba mpya, lakini chanzo nilichokiamini kilikuwa na pato bila idadi ya watu ya mwaka uleule, nikaona niache. Kwenye ukurasa wa majadiliano nikaeleza nilichofanya na sababu yake. Asubuhi nikakuta jibu: mbona umerudisha ya zamani? Nikambandikia viungo vya zile hariri mbili, afungue aone tarakimu iliyobadilishwa. Baada ya saa moja aliandika kwamba ameshaanza kukagua kurasa za nchi jirani, na mbili kati ya hizo zina mchezo uleule.